Funda la Tatu: Maneno Kabla ya Kuonja Bia Chachu na Bia za Mapipa

Mabibi na mabwana, ndugu na marafiki, karibuni sana.

Naziona glasi mezani na najua macho yenu yako wapi. Nawaomba dakika chache kabla hatujaanza kuonja, kwa sababu nina ombi moja, na likikubaliwa mapema jioni yote itakwenda vizuri: asiwepo mtu wa kutoa hukumu juu ya glasi yoyote kabla ya funda la tatu.

Sababu yake ni hii. Mtu aliyezoea bia ya kawaida akipiga funda la kwanza la bia chachu, uso hujikunja wenyewe. Ulimi umekutana na asidi usiyoitarajia, na kichwa kinasema imeharibika. Funda la pili linakuta mate yameshajaa mdomoni, maana asidi huyaita mate, na makali yanapungua. Funda la tatu ndilo linaloifikia bia yenyewe: tunda, mbao, nafaka, chumvi, chochote kilichomo. Kwa bia nzito zilizolala kwenye mapipa ya wiski, mambo ni kinyume. Funda la kwanza linapendeza mno, tamu, vanila tele, joto kifuani. La tatu ndilo linaloonyesha kama nyuma ya utamu ule kuna kitu au hakuna. Kwa miaka 10 ambayo kiwanda hiki kidogo kinaitimiza leo, nimeona watu wakisukuma kando glasi nzuri na kusifia glasi dhaifu, na kosa lilikuwa lile lile. Wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja. Bia hizi nazo zinataka ulimi urudi.

Wapo wanaodhani bia chachu ni mtindo wa juzi, umebuniwa ili tupate kitu kipya cha kuuza. Kwa kweli bia safi isiyo na uchachu wowote ndiyo ngeni zaidi. Mwaka 1883, Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifanikiwa kutenga chembe moja ya hamira na kuiotesha peke yake mpaka ikatosha kuchachushia pishi zima. Kabla ya hapo mpishi wa bia alichukua masimbi, yaani mashapo ya chini, ya pishi lililopita akayatia kwenye pishi jipya, na ndani ya masimbi hayo mlikuwa na hamira za aina nyingi pamoja na bakteria wao. Bia ikinywewa mapema, hakuna aliyejua. Ikikaa miezi ndani ya mbao, ilianza kubadilika. Maabara hiyo hiyo ndiyo iliyotoa habari ya pili mwaka 1904, pale Niels Hjelte Claussen alipoeleza kwamba ile ladha ya bia za Uingereza zilizokomazwa muda mrefu ilitokana na hamira nyingine kabisa. Akaipa jina Brettanomyces, yaani kuvu wa Uingereza. Sisi wa mapipani tunaiita breti tu.

Na kwa kuwa nimetaja mapipa ya Uingereza, kuna jambo ambalo sipendi kulipita. London ya wakati ule ilikomaza bia nyeusi ya porter katika mapipa makubwa kama nyumba. Tarehe 17 Oktoba 1814 pipa moja la kiwanda cha Meux lilipasuka, likavunja na mengine, na wimbi la bia likabomoa kuta za majirani. Watu 8 walikufa. Hawakuwa wanywaji wala wafanyakazi wa kiwanda, walikuwa watu wa nyumba za jirani. Kila ninapokaza pete ya chuma ya pipa nawakumbuka watu hao.

Turudi kwenye breti na wenzake. Ndani ya pipa la bia chachu kazi inafanywa kwa zamu. Hamira ya kawaida huanza, inakula sukari nyepesi na kutoa kilevi, na baada ya wiki chache imechoka. Wanafuata bakteria wa asidi ya maziwa, laktobasili na pediokoki, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi. Hao ndio wanaoleta uchachu ule laini, wa mviringo, usiochoma pua. Breti inafanya kazi polepole kuliko wote, lakini haikati tamaa. Inakula sukari ambazo wengine walishindwa kuzivunja, na inaacha harufu ambazo ni vigumu kuzieleza kwa mtu ambaye hajazinusa: ngozi, nyasi kavu, ganda la tunda, wakati mwingine zizi la farasi.

Katikati ya safari hiyo bia huumwa. Nasema huumwa kwa maana watengenezaji wenyewe hutumia neno hilo. Mwaka wetu wa pili nilichota bia kwenye pipa moja, na ilipomiminika glasini ilivutika kama ute wa yai. Niliinua glasi, uzi wa bia ukabaki unaning'inia. Harufu yake ilikuwa siagi. Nilikwenda moja kwa moja kutafuta mpira wa kumwagia. Mzee mmoja aliyetufundisha kazi akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, iache. Inaumwa, haijafa." Ule ute ni kazi ya pediokoki, na breti ikipewa muda huula wote pamoja na ile siagi. Tuliliacha lile pipa. Baada ya miezi mitano bia ilimiminika nyepesi kama maji na ikawa miongoni mwa bia safi tulizowahi kutoa mwaka ule. Tangu siku hiyo sijamwaga bia kwa sababu ya ute.

Yuko mgeni wa nne ambaye hatumtaki, au tunamtaka kidogo sana. Ni bakteria wa siki. Huyu hawezi kufanya kazi bila hewa, kwa hiyo vita yetu naye ni vita ya vizibo. Pipa lisipojazwa mpaka juu, au kizibo kikikauka na kusinyaa, hewa inapenya na siki inaanza. Pipa letu namba 4 lilikwenda hivyo. Kizibo kilikauka wakati wa joto, hakuna aliyekagua kwa wiki sita, na tulipofungua harufu ilitupiga machoni kabla ya puani. Yalikuwa mapipa 12 mwaka ule. Mtu angeweza kuichanganya ile siki kidogo kidogo ndani ya mapipa 11 yaliyobaki, na huenda wengi wasingeitambua kwenye funda la kwanza. Kwenye la tatu wangeitambua. Tuliimwaga yote, karibu lita 200, na siku ile hakuna aliyezungumza mpaka sakafu ilipokauka.

Wanaoijua hasara ya namna hiyo kuliko sisi wako Ubelgiji. Huko, katika Brussels na bonde la mto Senne na eneo la Pajottenland upande wa magharibi wake, ndiko wanakopika bia iitwayo lambiki. Pishi lao lina shayiri iliyooteshwa pamoja na ngano mbichi, na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zilizozeeka hata zimepoteza uchungu huo. Wakimaliza kuchemsha hawatii hamira yoyote. Maji yale matamu ya kimea hupandishwa darini, humwagwa kwenye sinia pana lenye kina kifupi, na madirisha huachwa wazi usiku kucha. Kinachoingia na hewa ndicho kinachoanza kazi, na vilivyomo ndani ya mbao za mapipa vinaimalizia. Wanapika katika miezi ya baridi tu, takriban Oktoba hadi Aprili, kwa kuwa hewa ya miezi ya joto hubeba bakteria wengi mno wa kuharibu.

Watu wa kiwanda cha Cantillon cha Brussels wamekuwa katika kazi hiyo tangu mwaka 1900, na katika vyumba vyao vya mapipa utando wa buibui haufagiliwi. Buibui hula inzi wanaofuata matunda na sukari, na inzi ndio wanaobeba siki. Kwangu mimi hilo ndilo somo zuri kuliko yote niliyopata katika kazi hii: mtu amekaa mahali pamoja muda mrefu, akatazama, akajua nani ni rafiki yake.

Lambiki ya miaka mitatu ikinywewa peke yake haina gesi karibu hata kidogo. Kwa hiyo mtengenezaji huchukua ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya miaka mitatu, akazichanganya na kuzitia chupani. Ile changa bado ina sukari, inaifanya chupa ichachuke upya na kutoa povu. Ile kongwe inaleta kina. Hiyo ndiyo geuze. Mwaka 2009, katika kiwanda cha 3 Fonteinen, kifaa cha kudhibiti joto kilikwama na chumba cha chupa kikawa kama tanuri. Chupa zililipuka, na makumi ya maelfu ya chupa za bia iliyongojewa miaka zikapotea. Armand Debelder, mwenye kiwanda, aliichukua bia iliyounguzwa na joto akaikeneka ikawa pombe kali, na fedha zake zikasaidia kukiinua tena kiwanda. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikwenda kukagua vipimajoto vyetu vyote usiku ule ule.

Sasa niwaeleze mlichonacho mbele yenu. Kuna glasi nne za mililita 100 kila moja, na vikombe viwili vidogo vya mililita 30.

Glasi ya kwanza ni ya mtindo wa gose, bia ya ngano ya Leipzig nchini Ujerumani, yenye chumvi kidogo na mbegu za giligilani. Hii haikugusa pipa. Ilichachushwa kwa laktobasili ndani ya sufuria ya kupikia, kwa siku moja na nusu, kisha ikachemshwa bakteria wakafa. Ni bia nyepesi, asilimia 4.5, ya kuuamsha ulimi. Msitafute siri ndani yake.

Glasi ya pili ni nyekundu, asilimia 6, na inafuata njia ya Flanders, huko huko Ubelgiji. Anayetaka kujua njia hiyo aanzie kwa watengenezaji wa Rodenbach, mjini Roeselare, wenye safu za mapipa marefu ya mwaloni yaliyosimama wima toka sakafuni mpaka karibu na dari. Bia inakaa humo miaka hadi miwili, kisha inachanganywa na ile changa. Hapa siki kidogo inaruhusiwa. Ndiyo inayoipa ile ladha ya cheri kali, ingawa hakuna cheri hata moja iliyoingia.

Glasi ya nne niiseme kabla ya ya tatu, kwa sababu ya tatu nataka kukaa nayo. Ya nne ni stauti nyeusi, asilimia 12, iliyolala mwaka mzima kwenye pipa la burboni, wiski ya Kimarekani. Sheria ya Marekani inataka burboni ihifadhiwe katika mwaloni mpya uliochomwa ndani kwa moto. Pipa likishatumika mara moja haliwezi tena kutengenezea burboni, ndiyo maana mapipa yale mazuri ya lita 200 huuzwa kwa watu kama sisi. Huko Chicago, katika miaka ya 1990, Greg Hall wa kiwanda cha bia cha Goose Island alijaza stauti nzito kwenye mapipa ya burboni ya Jim Beam, na wengi wetu tuliopo kwenye kazi hii tunatembea katika njia aliyoifungua. Mwaloni wenyewe na ule moto uliouchoma ndivyo vilivyoleta vanila, sukari iliyoungua na harufu ya nazi mtakayoikuta. Joto likipanda bia inasukumwa ndani ya mbao, likishuka inarudi, na kila ikirudi inarudi na kitu. Wakati huohuo pipa linapumua, sehemu inapotea hewani. Wapishi wa wiski huiita sehemu ya malaika.

Msiinywe ikiwa baridi kali. Bia za uchachu zinakaa vizuri kwenye nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi, lakini hii ya nne inataka 12 hadi 16. Ishikeni glasi kwa kiganja mpaka ipashike. Baridi inaficha makosa na inaficha uzuri pia.

Na sasa glasi ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya niombe kusimama mbele yenu.

Vile vikombe viwili vidogo ni pipa namba 7 na pipa namba 11, kila moja peke yake, kama zilivyo. Glasi ya tatu ni mchanganyiko wake. Anzeni na vikombe. Namba 7 ina miezi 18. Mtaijua mara moja, inakata kama wembe, na harufu yake ya limau inajaza chumba. Namba 11 ina miaka mitatu. Ni pole, kavu, inanukia ngozi na majani makavu, na ukiinywa peke yake utasema imelala.

Kuonja kutoka kwenye pipa tunatumia msumari. Uso wa pipa umetobolewa tundu dogo, na ndani yake tumepigilia msumari wa chuma kisichoshika kutu. Unaukamata kwa koleo, unauvuta, na bia inaruka kama uzi mwembamba hadi kwenye glasi. Ukipata funda mbili unaurudisha msumari. Kizibo cha juu hakiguswi, hewa haiingii. Tulifanya hivyo jioni moja mimi na dada mmoja ambaye ulimi wake ndio unaoaminiwa kuliko wote kiwandani kwetu. Tulikaa mezani na bomba la kupimia la mililita 100, tukaanza kuchanganya. Mimi niliipenda namba 7. Nilipendekeza sehemu saba za hiyo kwa tatu za namba 11. Funda la kwanza lilikuwa la kushangaza, nikampa, nikasubiri anisifie.

Alionja, akaonja tena, akaiweka chini. Akasema, "Kaka, hii ni bia ya mashindano. Nani ataimaliza glasi?"

Sikufurahi. Nilijitetea karibu saa nzima. Kisha nikajaribu kuimaliza ile glasi, na nilipofika nusu meno yaliniuma na sikuwa na hamu ya kuendelea. Tukageuza: sehemu tatu za namba 7, sehemu saba za namba 11. Funda la kwanza la mchanganyiko ule lilikuwa la kawaida tu, na nilikaribia kuukataa. La pili likaleta tunda. La tatu, zile harufu za ngozi na majani zikainuka zikasimama juu ya uchachu kama mti juu ya mzizi, na kabla sijajua glasi ilikuwa tupu. Hiyo ndiyo mliyonayo. Yeye ndiye aliyeitengeneza bia hii, kwa kujua itakavyokuwa mtu akishaketi nayo, na ameketi pale nyuma kwa kuwa hapendi kutajwa.

Watu husifia mapipa. Tunaulizwa yametoka wapi, yalibeba nini, yana umri gani. Ni maswali mazuri, lakini pipa halijui kuchagua. Pipa namba 4 lilitoka mahali pamoja na namba 7.

Mambo machache ya kuonja, kwa haraka. Nuseni kwanza, kwa kuvuta pumzi fupi fupi, maana pua huchoka upesi. Mkishameza, toeni pumzi puani midomo ikiwa imefungwa, ladha nyingi ziko hapo. Kati ya glasi na glasi, nyweni maji na kuyazungusha mdomoni, kwa ajili ya ulimi na kwa ajili ya meno, kwa sababu asidi ya bia hizi ni kali kwa meno. Na mkimeza glasi ya tatu, ngojeni sekunde 20. Kuna kasoro tunayoiita panya. Haisikiki bia ikiwa mdomoni kwa kuwa asidi inaificha. Inajitokeza mate yakishaipunguza asidi, nyuma kabisa ya ulimi, kama harufu ya kizimba. Wako watu wasioweza kuihisi kamwe, wengine huihisi hata ikiwa kidogo sana. Mchanganyiko huu ulikuwa nayo mwezi wa kwanza chupani. Tuliungoja miezi saba zaidi ikaisha. Yeyote atakayeihisi leo aniambie, nitashukuru kuliko sifa.

Na hesabu moja ambayo lazima niitoe. Glasi ni ndogo lakini si nyepesi. Kilevi halisi kilichomo kwenye ile ya kwanza ni mililita 4.5, ya pili 6, ya tatu na vikombe vyake viwili kama 10, ya nne 12. Jumla inakaribia 33, sawa na chupa mbili za mililita 330 za bia ya asilimia 5. Aliyekuja akiendesha gari asimeze. Ndoo za kutemea ziko kila meza, na hakuna aibu kuzitumia. Sisi wenyewe tunapochanganya tunatema. Mama mjamzito tumemwandalia vinywaji visivyo na kilevi, na kunusa anaruhusiwa pamoja nasi.

Glasi ya kwanza ni ile ya kushoto. Inueni, nuseni, pigeni funda, na nyamazeni. Nitawauliza baada ya la tatu.